Kitalu, shamba darasa au chuo? Pa kujifunzia ufundi wa miti ya matunda Nyanda za Juu Kusini

Msimu wa pili wa mvua baada ya kupanda ndipo nilipojua kwamba shamba langu la parachichi halikuwa la aina ya Hass. Ni ekari moja pale Kiwira, wilaya ya Rungwe. Miche 110, nafasi ya mita 6 kwa 6, na kila mmoja niliununua kwa bei ya mche uliobebeshwa, yaani mche wa kienyeji uliounganishwa na kijitawi cha Hass, ambacho tunakiita kikonyo. Miti ilikuwa imeshanipita kimo, majani mapana ya kupendeza, nami nikiwaonesha wageni kwa fahari. Jirani yangu, mzee ambaye nyuma ya nyumba yake kuna kitalu cha miaka mingi, alipita asubuhi moja kunisalimu. Akapiga goti kwenye mti wa kwanza, akafuta udongo shinani kwa kidole gumba, akaniita.

"Mwanangu, hebu njoo. Hili ndilo kovu la kisu. Na hiki hapa juu yake ni nini?"

Kilikuwa kijiti kikavu mfano wa njiti ya kiberiti. Kikonyo cha Hass kilikufa zamani, labda hata kabla sijaununua mche. Mti wote niliokuwa nikijivunia ulichipua chini ya kovu, kwenye shina la kienyeji. Tulikwenda mti kwa mti hadi jua likatua. Miti 72 ilikuwa hivyo.

Aliyeniuzia simtaji, na sidhani kama hata yeye alijua. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mtu aliyefanya kazi kitaluni wiki moja tu angeliona kovu lile siku ileile ya kununua, mche ukiwa bado kwenye kiriba, mfuko wake wa plastiki. Tangu hapo nimejifunza kwa njia kadhaa. Nilikaa kitaluni kwa mzee huyo msimu mmoja, nikawa mwanachama wa shamba darasa la kata yetu, kikundi cha wakulima wanaojifunza pamoja shambani, kwa miaka miwili, nikahudhuria semina ya siku mbili, na mdogo wangu akapitia chuo cha kilimo, kwa hiyo ya chuoni nayajua kwa kumuuliza na kumwona akifanya kazi. Watu wakiniuliza waanzie wapi, huwarudishia swali: huko unakotaka kwenda, utarudi mara ngapi kwenye mti uleule? Ada, cheti na umbali wa nauli vina uzito wake, ila swali hili ndilo ninalolitanguliza, na ndilo nililolitumia kulinganisha njia hizi.

Kitaluni kwa fundi

Nilianza Machi, nikatoka Agosti. Wiki tatu za mwanzo sikushika kisu. Nilichekecha udongo, nikachanganya madebe matatu ya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri na debe moja la mchanga, nikajaza viriba pamoja na akina mama wanne ambao kasi yao ilikuwa mara tatu ya yangu. Tulisia kokwa za kienyeji, upande mpana chini na ncha juu ikichungulia kidogo. Nilijifunza kwamba kokwa ya parachichi haisubiri. Ukiiacha nje wiki mbili tatu inakauka na uhai wake unapungua haraka, tofauti kabisa na mahindi unayoweka darini mwaka mzima.

Kisha ikaja zamu ya kisu. Fundi hakunipa mche. Alinipa fungu la matawi ya mpera, akaniambia nichonge kabari mpaka aseme basi. Kabari ya kubebeshea ina urefu wa sentimita 3 hadi 4, na kila upande unatakiwa ukatwe kwa mkato mmoja. Ukirudia mkato unaacha mawimbi, na mawimbi ni nafasi, na nafasi ni hewa itakayokausha kikonyo. Namna yake ya kupima ilikuwa rahisi: aliulaza ubapa wa kisu juu ya kabari yangu, akainua juu kuelekea mwanga. Mwanga ukipenya katikati, tawi linatupwa. Siku mbili nzima nilitupa matawi.

Nilipopewa mche wa kweli, shina lake likiwa na unene wa penseli, kazi ilikwenda hivi. Unakata juu ya mche wa kienyeji, unapasua katikati, unateremsha kabari ya kikonyo cha Hass ndani ya mpasuo. Chini ya gome kuna ngozi nyembamba ya kijani. Hiyo ndiyo inayoungana. Ikiwa kikonyo ni chembamba kuliko shina, usikiweke katikati kwa kupenda urembo. Kisogeze upande mmoja ngozi ya kijani ikutane na ngozi ya kijani. Unafunga kwa ukanda wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia ule wa chini kama vigae vya paa, ili maji yasiingie. Unafunika kwa kifuko chembamba, unaweka kivulini, unangoja. Baada ya wiki tatu au nne, jicho la kikonyo linavimba na kufunguka, au linageuka kuwa jeusi.

Katika miche yangu 50 ya kwanza, ilishika 14. Fundi hakukasirika. Aliifungua iliyokufa, mmoja mmoja, akanionesha: hapa kabari haikuwa bapa, hapa ulifunga kwa kulegeza, hapa ulikata vikonyo asubuhi ukabebesha jioni bila kuvifunga kwenye gazeti lenye unyevu. Fungu la pili ilishika 31. Kufikia Agosti nilikuwa napata nane katika kila kumi, na yeye tisa. Hicho ndicho kitalu kinachokupa ambacho sijakiona kwingine: unakosea mara hamsini ndani ya wiki moja, na mwezi unaofuata unaona kosa lako kwa macho.

Kwa anayejiuliza kwa nini tusisie tu kokwa ya Hass yenyewe, jibu liko kwenye historia ya mti huo. Hass zote duniani zinatokana na mti mmoja uliokuwa California, Marekani, kwenye bustani ya mfanyakazi wa posta aitwaye Rudolph Hass, aliyeusajili kwa hataza mwaka 1935. Mti mama huo ulikufa mwaka 2002. Ukisia kokwa ya tunda lake unapata mti mwingine kabisa, wenye tabia zake, kama mtoto asivyofanana na mzazi mmoja. Kinachovusha Hass kutoka kizazi hadi kizazi ni kisu peke yake. Na yeye Hass mwanzoni hakuutaka: mti wenyewe ulikuwa shina la kubebeshea aina nyingine, Fuerte, vikonyo vikakataa kushika kila vilipowekwa, akashauriwa auache ukue. Nilipohadithiwa hayo, ile miche 36 iliyonifia iliniuma kidogo tu.

Kitalu kina upungufu wake, na ni mkubwa. Mche unaondoka ukiwa na miezi michache. Fundi wangu, pamoja na umahiri wake wote, hakuwa na la kuniambia kuhusu mti wa miaka sita uliosongamana matawi. Hukuona maua, hukuona tunda likidondoka, hukuona mzizi ukioza. Ukitoka hapo unajua kuzalisha mche, hujajua kuutunza mti. Kuna pia vitalu vinavyopokea ada ya "mafunzo" halafu vinakufanya kibarua wa kujaza viriba hadi msimu unaisha. Kubaliana mapema: kwa wiki utabebesha miche mingapi kwa mkono wako mwenyewe, na miche hiyo itawekwa alama yako ili uione ikishika au ikifa. Angalia pia kama kitalu kinakaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kama fundi anaweza kukupeleka mpaka kwenye mti mama anakokata vikonyo. Asiyeweza kukuonesha mti mama hajui anachobebesha.

Shamba darasa

Njia hii ilianza Indonesia mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga, chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na wazo lake halijabadilika: wakulima ishirini na kitu wanakutana shambani siku ileile kila wiki, wanaangalia, wanaandika, wanalinganisha vipande viwili vilivyotunzwa tofauti. Kwa mazao ya msimu mmoja inaisha kwa miezi minne. Kwa miti inachukua miaka. Wengi huilalamikia kwa hilo, ila mimi ndicho nilichokipendea.

Sisi tulikutana kila Alhamisi, saa 2 asubuhi, kwenye shamba la mama mmoja mwenye miti 60 ya Hass ya miaka minne. Mistari miwili tuliifunika matandazo ya majani makavu na maganda ya mahindi, unene wa kiganja, tukiacha nafasi kuzunguka shina. Mistari miwili tuliipalilia ikawa safi, kama wengi wetu tulivyozoea kwa jembe. Mwezi wa Septemba, jua likiwa kali, bwana shamba alituambia tufukunyue kwa vidole. Kwenye mstari uliopaliliwa udongo ulikuwa mgumu, mzizi mwembamba wa kwanza tuliukuta chini na umekatwa na jembe. Kwenye matandazo hatukuhitaji kuchimba. Mizizi midogo myeupe ilikuwa imepanda juu, imejisokota ndani ya majani yanayooza, ina unyevu. Mama mwenye shamba aliinama akaitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe miaka yote nimekuwa nikiukata mkono unaonilisha." Mizizi ya parachichi inayotafuta chakula hukaa juujuu, na niliwahi kuambiwa hivyo kabla. Baada ya kuishika, sijaingiza tena jembe chini ya mti.

Tulijifunza maua pia kwa kukaa. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, linajifunga, kesho yake linafunguka likiwa dume. Hass huwa jike asubuhi na dume mchana wa siku ya pili. Fuerte ni kinyume chake, jike mchana na dume asubuhi ya kesho yake. Ndiyo sababu ya kuweka miti michache ya aina ya pili shambani, na sababu ya kutopuliza dawa nyuki wakiwa kazini. Lakini tulipokaa na madaftari, siku ambayo ukungu ulishuka kutoka mlima Rungwe na baridi ikagoma kuondoka, maua ya kike yalichelewa hadi mchana. Baridi huvuruga ratiba hiyo. Kama hukukaa chini ya mti siku ya baridi na siku ya jua, ratiba ya kwenye karatasi utaiamini mno.

Na tulikosea pamoja. Mwaka wa kwanza tulipogolea mstari wa magharibi kwa shauku, tukafungua katikati ya mti kama mtu anayetengeneza mwavuli uliogeuzwa. Jua la alasiri likaunguza gome la matawi makubwa, likapasuka. Gome la parachichi halijazoea jua. Linategemea kivuli cha majani yake yenyewe. Tulilipaka chokaa, na mwaka uliofuata tukakata kidogo kidogo, tukianza na matawi yaliyokufa, yanayogusa ardhi na yanayosuguana. Kosa lile lilihitaji miezi kumi kuonekana. Semina gani ingetuonesha?

Upande wa bondeni kulikuwa na miti mitatu yenye majani madogo yaliyopauka, ikifa kuanzia juu. Wenzetu wawili walishauri mbolea. Tukafukua: mizizi midogo ilikuwa myeusi, inakatika kama kijiti. Ni kuoza mizizi, kunakoletwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda maji yaliyotuama, na hakuna mbolea inayotibu hilo. Tulichimba mfereji, tukaipanda miti ya kujazia juu ya matuta ya udongo. Rungwe kuna mvua nyingi. Elimu hii peke yake imeniokolea pesa kuliko yote.

Udhaifu wa shamba darasa ni huu. Ni taratibu. Kisu kimoja, watu ishirini na watano: katika miaka miwili nilibebesha hapo miche mitano tu. Bwana shamba wetu alikuwa na vijiji kadhaa, na alipohamishwa tulikaa miezi mitatu bila mwalimu. Kuna kipindi vikao viligeuka kuwa vya mchango na mkopo, watu wakapungua tukabaki kumi na mmoja. Kundi likikosa mwenye shamba anayeamini jambo lenyewe, linakufa. Ukiona la kwako linaelekea huko, kaa na mwenye shamba. Mti wake ndio darasa.

Chuo, semina na simu

Chuo nitakipitia haraka kwa sababu wanaokihitaji wanajijua. Mbeya tunacho chuo cha kilimo cha Wizara, MATI Uyole, pale pale njia panda ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inaachana na ile ya Iringa. Wanatoa astashahada na stashahada zinazotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na kuingia kunahitaji cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu, masomo ya sayansi yakiwemo. Mdogo wangu alitoka huko akijua udongo, viuatilifu, hesabu za mbolea, na namna ya kuandika taarifa. Anayaeleza magonjwa kwa kina ambacho mimi sitakifikia. Lakini mafunzo yanagusa mazao mengi, mahindi, maharage, viazi, mifugo, na muda wa kukaa na mti mmoja ni mdogo. Alipokuja kwangu mara ya kwanza, miche yake ishirini ilishika minne. Aliyatambua makosa yake kwa majina ya kitaalamu kabla sijayataja, na kwa sababu hiyo alirekebika haraka kuliko nilivyorekebika mimi. Anayetaka kuwa afisa ugani hana njia nyingine. Mwenye ekari mbili na watoto wanaosoma hana haja ya miaka miwili ya ada ili apogolee miti yake.

Semina za siku mbili tatu zimekuwa nyingi tangu Hass ianze kutafutwa, na zaidi tangu China ilipofungua soko lake kwa parachichi la Tanzania mwishoni mwa mwaka 2022. Niliyohudhuria ilifundisha vizuri, chakula kilikuwa kizuri, na nilibebesha mche mmoja ambao sikuuona tena. Sijui ulishika au ulikufa. Semina inamfaa mwenye mkono tayari anayetaka jambo moja mahususi, mfano namna ya kuvuna kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi cha tunda ili lisioze kuanzia juu, au kwa nini wanunuzi hupima kwanza kiasi cha maji na mafuta kwenye tunda kwa kuwa Hass haiivi ikiwa mtini na kwa macho huwezi kujua imekomaa. Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale ni vivyo hivyo: nenda ukaone aina, ukaulize bei, ukakutane na mafundi. Usitegemee kutoka na ufundi.

Simu ina hatari moja ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha, nayo ni kalenda. Video ya California ikisema pogolea Februari, kule ni mwisho wa baridi. Kwetu Februari ni katikati ya masika, kidonda cha mti kinalowa kila siku. Video nyingi za Kenya zinafuata mvua mbili za mwaka. Sisi tuna mvua moja ndefu, Novemba hadi Aprili au Mei, kisha kipupwe, kisha kiangazi. Tazama mkono wa fundi wa kwenye video, miezi yake iache.

Ukitaka matufaha

Haya niliyosema ni ya mtu wa parachichi. Kama moyo wako uko kwenye matufaha, pichi au plamu, usijifunzie Rungwe hata kama ndugu zako wako huku. Nenda Makete au Njombe kwenye baridi ya kweli. Mtufaha unahitaji saa nyingi za baridi ili ulale na uamke pamoja. Baridi ikipungua, macho hayafunguki, au yanafunguka kwa mafungu. Ndiyo maana wakulima huchagua aina zinazoridhika na baridi kidogo, kama Anna, na wengine hupukutisha majani kwa mkono baada ya mavuno ili kuulazimisha mti uanze upya. Kupogolea mtufaha ni jambo la kila mwaka na unakata sana, wakati parachichi unaliendea kwa huruma. Nilimpeleka rafiki yangu wa Mafinga kwa mama mmoja wa Njombe mwenye mitufaha arobaini. Akamsalimu "kamwene," akamkabidhi mkasi kabla hata ya chai, na siku ile moja ilimfaa kuliko miezi yote aliyokaa akinisikiliza mimi.

Basi uchague ipi?

Kwa fedha, shamba darasa ndilo nafuu: mchango wa kikundi na muda wako wa Alhamisi. Kitalu kinakula muda zaidi kuliko pesa, maana unalipa kwa kazi, na mwenye familia anayelala njaa asipofanya kibarua atapata tabu kukaa miezi mitano bila ujira. Mwombe fundi akulipe kwa kiriba unachojaza na akufundishe jioni, mafundi wengi hukubali. Chuo kinadai ada, malazi na miaka. Semina, ukihesabu kwa saa, ni ghali kuliko vyote.

Kwa mkono, hakuna kinachokifikia kitalu. Kwa jicho, shamba darasa. Nami nikilazimishwa kuchagua kimoja kwa mtu mwenye miti tayari shambani, nachagua jicho. Miche unaweza kununua ukijua kuikagua; fundi wa kubebesha unaweza kumwita siku moja akamaliza. Lakini hakuna wa kumwita aje kuona kila asubuhi kwamba majani ya juu yameanza kupauka. Mwenye miti na aanze shamba darasa, kisha mwaka wa pili akae kitaluni miezi miwili, wakati wa kubebesha tu.

Kijana asiye na ardhi namshauri kinyume chake. Aanze kitaluni. Anayebebesha nane katika kumi ana kazi Rungwe, Njombe, Kilolo na Mufindi, na ataitwa shamba kwa shamba. Akijiwekea akiba ya kununua kipande chake, ndipo ajiunge na kikundi. Tena vijana wanapenda kuruka hatua ya viriba. Nawasihi wasiiruke, kwa sababu mche unaokufa mwezi wa nne mara nyingi uliharibika siku ya kujaza udongo.

Mstaafu anayerudi kijijini na kiinua mgongo mkononi ndiye ninayemwogopea zaidi. Anapanda ekari tano kwa mkupuo, miche 500 na zaidi, kabla hajatunza mti mmoja. Mzee wangu, mama yangu, panda miti ishirini kwanza. Chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande, tenga udongo wa juu na wa chini, hakikisha kovu la kubebesha limebaki juu ya ardhi hata baada ya udongo kutitia, na uingie shamba darasa la jirani mwaka huohuo. Ekari tano zitakusubiri.

Kuhusu miti yangu 72: sikuing'oa. Mashina yalikuwa hai na mizizi ilikuwa imeshashika ardhi. Niliikata usawa wa kiuno, nikapaka chokaa, nikaacha machipukizi mawili matatu kwenye kila kisiki, yalipofikia unene wa penseli nikayabebesha Hass kwa vikonyo vya mti mama ninaoujua. Ilishika 58 mara ya kwanza, na iliyobaki mwaka uliofuata. Mikono ya kazi hiyo niliipata kitaluni. Wazo la kutoing'oa lilitoka kwenye shamba darasa, siku ile tuliyoiona mizizi.

Ukiamua kitalu, nenda Machi au Aprili kabla kazi ya kubebesha haijapamba moto. Shamba darasa jiunge kabla ya maua, mwezi wa Julai, ili uyaone yakianza. Na kabla hujatoa shilingi kitaluni, mwombe fundi akuoneshe miche iliyomfia. Yule mzee wangu hakusita. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya banda kwenye lundo la viriba vilivyokauka, akachuchumaa, akaokota kimoja, akaanza kuifungua nailoni.